Hegland Ilivyomuaga Bi Ardis

Bi Ardis Tollefsrud aliwaachia watu wake agizo moja tu kuhusu mazishi yake: asisimame mtu yeyote kumsifu. Alilitamka mezani huku akichanganya karata, wiki chache kabla moyo wake haujachoka, na alilitamka kwa sauti ile ile aliyoitumia kuuliza nani kala kipande cha mwisho cha keki.

"Mkianza kunipamba," alisema, "nitaamka humo humo sandukuni niwaambie mnyamaze."

Mumewe, Mzee Orville, alimtazama kwa juu ya miwani, akatupa karata yake mezani. "Nani atakupamba, mama? Zamu yako hiyo, cheza."

Basi agizo lilitimizwa, wala halikuwa gumu kutimizwa, kwa maana sisi watu wa Hegland hatujui kusifu. Katika bonde letu hili la viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, kaskazini kabisa mwa Minnesota, ambako babu zetu walifika kutoka Norwe wakaanza kulima kabla hawajajenga, sifa kubwa kupita zote ni kusema "si mbaya." Mvua ikinyesha kwa wakati wake, si mbaya. Mtoto akiongoza darasa, si mbaya. Mzee Orville mwenyewe, enzi za ujana wake, alimsindikiza Ardis kutoka kwenye dansi ya wakulima, akasimama naye getini kwa baba yake muda mrefu pasipo neno, na hatimaye akajikaza akasema, "Ardis, wewe si mbaya." Bi Ardis alipenda kusimulia jinsi alivyoingia nyumbani mbio kumwamsha mama yake: "Mama! Mama, amka! Orville ananipenda mpaka amechanganyikiwa!"

Mtu mmoja tu aliumizwa na agizo lile, naye ni Signe, mjukuu wake.

Signe alikulia mjini Minneapolis, ambako binti wa Bi Ardis alikuwa ameolewa, na Hegland alikuwa akija likizo tu. Alisomea ushauri wa watoto kwa sababu bibi yake alikuwa mshauri wa watoto, na katika msimu wa mavuno uliopita alikuja kushika kazi ile ile katika shule ile ile ya msingi. Alikipaka rangi ya manjano kile chumba kidogo kilichokuwa cha bibi yake, akatoa mafagio na ndoo zilizorundikwa humo, akanunua viti viwili laini, akavipanga vitazamane. Kisha akangoja.

Watoto walikuja, kwa kuwa waliletwa. Waliketi, wakaitazama kapeti. Alipowauliza wanajisikiaje, walijibu, "Vizuri." Aliyekuwa akilia usiku alisema vizuri, aliyemng'ata mwenzake sikio naye alisema vizuri. Na aliyemshinda kupita wote ni Maren Brekke wa darasa la pili, ambaye mama yake alikuwa amehamia mji wa Fargo na kumwacha kwa babu yake. Maren aliketi katika kiti kile laini kila Jumatano, amejikunja kama paka aliyenyeshewa, asiseme hata hilo "vizuri."

Signe alimwendea bibi yake zaidi ya mara moja.

"Bibi, wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nakaa tu."

"Unakaa tu?"

"Nakaa tu, mjukuu wangu. Usinicheleweshee mchezo. Una shupaza wewe, nakuona unavyoificha."

"Bibi, niko serious... namaanisha, naumia. Watoto hawaniambii kitu."

Bi Ardis aliziweka chini karata zake, akamshika mkono. "Utaona mwenyewe. Theluji ikiyeyuka tutaongea." Alidhani muda upo. Na pengine, kwa tabia yetu, kueleza alivyofanya kazi yake kungelikuwa ni kujisifu, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja maishani mwake, isipokuwa kwenye karata.

Kifo hakikungoja theluji iyeyuke. Bi Ardis alifariki Februari, amelala kitini pake mchana, redio ikisoma bei ya ngano. Naye Signe, pamoja na majonzi yake, aliingia kanisani siku ile akiwa na uamuzi kifuani: ama angetoka mazishini na jibu, ama Jumatatu angemwendea mkuu wa shule kuomba aachwe aende zake. Miaka thelathini ya watoto wa Hegland ilikuwa imeketi katika mabenchi yale, imevaa suti nyeusi. Lazima mmojawao alijua.

Tumtazame kidogo huyo aliyelala mle sandukuni.

Ardis alizaliwa katika nyumba ya shamba iliyoko nje ya mji, mtoto wa nne kati ya saba, na alikua akipalilia viazi sukari kwa jembe la mpini mfupi huku akiwahadithia wadogo zake visa alivyovitunga mwenyewe ili wasisikie jua. Alipoolewa alizaa watoto watatu, akakamua ng'ombe, akaimba sauti ya pili kwaya. Mtoto wa mwisho alipoanza shule, yeye naye alitangaza kwamba anaanza shule. Watu walidhani anatania. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, na chuo kilikuwa mwendo mrefu kwa gari, tena barabara ya majira ya baridi, tena dereva akiwa ni Ardis, ambaye aliamini kuwa breki ni kwa ajili ya watu wasio na imani.

Katika miaka ile Mzee Orville alijifunza kupika viazi. Aliviunguza kwa kila namna ambayo kiazi kinaweza kuunguzwa. Watoto walipolalamika, Bi Ardis alikitafuna kile kitu cheusi, akameza, akamtazama mumewe. "Si vibaya," alisema, na Mzee Orville akainamia sahani yake kuficha uso uliomwiva kwa furaha.

Alihitimu, shule ikamwajiri, ikampa kile chumba cha mafagio. Kuanzia hapo, watu wa nyumbani mwake hawakusikia tena neno lolote kuhusu kazi yake. Dukani watoto walimkimbilia na kumkumbatia magoti. Naye aliwapapasa kofia zao akaendelea kuchagua vitunguu. Mzazi akimvizia kanisani, "Bi Ardis, mwanangu anasemaje huko?" jibu lilikuwa, "Naona upepo umegeukia kaskazini." Upepo ulikuwa ukigeukia kaskazini hata Julai.

Kwa wajukuu alikuwa bibi wa namna ya pekee. Hakuwahi kumwachia mtoto yeyote ashinde karata kwa huruma, hata awe na miaka mitano. Mtoto akilia, alimpa leso, akazigawa karata upya. "Siku utakayonishinda," alikuwa akisema, "utajua umenishinda kweli." Signe alimshinda mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, na Bi Ardis alitoka nje barazani bila koti, kwenye baridi ya kuua, akawapigia kelele majirani waje kumtazama mtoto huyo. Kisha, alipokumbuka kwamba yeye ni mtu wa Hegland, akaongeza, "Amecheza si vibaya."

Huyo ndiye tuliyemzika. Mchungaji alihubiri juu ya Zaburi, asimtaje marehemu ila kwa jina na tarehe, kama alivyoagizwa. Tuliimba. Kisha tukateremka ukumbi wa chini ya kanisa kula, maana mtu wa kwetu hajazikwa sawasawa mpaka watu wamekula chini ya kanisa.

Akina mama wa jikoni walikuwa wameandaa kila kinachopaswa kuwapo: trei za nyama ya kusaga iliyookwa na viazi na jibini, mikate midogo yenye paja la nguruwe, lefse, yaani chapati zetu laini za viazi, zilizopakwa siagi na sukari, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna aipendaye na hakuna athubutuye kuiacha. Mkuu wao alikuwa Verna Skogmo, mwanamke mfupi, mpana, mwenye aproni iliyopigwa pasi, ambaye aliwapitia watu na birika la kahawa.

"Kahawa, mwanangu?"

"Hapana, ahsante," alijibu Signe.

"Kidogo tu."

"Hapana, mama, usijisumbue."

"Tone."

"Haya, tone," alisema Signe, na Verna akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

"Mama Verna," Signe alimshika kiwiko kabla hajapita. "Wewe wanao wote walisoma kwa bibi. Alikuwa anafanya nini nao?"

Verna alitafakari. "Alikuwa akija kazini kila siku," alisema hatimaye. "Hakuwa mtoro. Umeonja jeli?"

Signe alizunguka meza kwa meza. Aliketi kwa wenye duka la mbegu, akaketi kwa mabinti waliokuwa kwaya na bibi yake. Alipouliza, watu walitikisa vichwa kwa upendo wakasema alikuwa mtu wa watu, kisha wakaulizana kuhusu barafu ya ziwani, kama bado inabeba gari. Katika meza ya mwisho alimkuta Lyle Brekke, mkulima mkubwa mwenye mikono kama makoleo, na pembeni yake mjukuu wake Maren, akichimba jeli kwa kijiko kutafuta karoti.

"Mzee Lyle, wewe bibi alikufundisha?"

"Hakunifundisha. Nilikuwa mbishi."

"Sasa alikuwa anakuambia nini?"

Lyle alifungua kinywa. Alimtazama Mzee Orville aliyekuwa meza ya mbele akimega lefse, akakumbuka agizo, akafunga kinywa. "Kahawa ya leo si mbaya," alisema.

Signe alirudi kitini akaketi karibu na babu yake. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ameshindwa, kwamba Jumatatu ataandika kuacha kazi, kwamba bibi kaondoka na ufunguo mfukoni.

Mzee Orville, ambaye masikio yake yalisikia alichotaka tu, alimega kipande cha lefse akampa. "Kula, mjukuu. Watu hawajaanza hata kuondoka."

Signe hakumwelewa. Yeye ni mtoto wa mjini.

Mara sauti ikasikika kutoka meza ya katikati, sauti ya viganja vikipiga mapaja: pwa! "Haya basi," alisema mtu. Na meza nyingine: pwa! "Haya basi." Ndivyo tunavyotangaza safari. Lakini mgeni asidhani kwamba aliyesema haya basi anaondoka. Kwanza husimama nyuma ya kiti chake, akakishika mgongo, akaongea hapo. Kisha husogea penye makoti, akaongea na mkono mmoja ukiwa ndani ya koti. Kisha kuna mlango, na baada ya mlango kuna dirisha la gari. Kuna ndoa zilizopatanishwa na mashamba yaliyouzwa kwenye dirisha la gari.

Signe alikwenda mlangoni kupeana mikono na watu, kama mjukuu apaswavyo. Penye kuta mbili za ujia mwembamba wa kutokea pana mabenchi marefu ya kuvalia buti, na Lyle Brekke alikuwa ameshaketi, amejipinda, akipambana na buti lake la kushoto. Hapo, macho yake yakiwa chini kwenye kamba na wala si kwa mtu, alianza kusema.

"Aliniuliza mbwa wangu anaitwa nani," alisema.

"Nani?"

"Bibi yako. Ulikuwa unauliza kule ndani. Nilikuwa darasa la tatu, baba amelazwa, hakuna anayeniambia kitu. Saa ya kwenda nyumbani, mimi naketi kwenye benchi la buti pale mlango wa nyuma wa shule, yeye anapiga magoti ananifunga kamba. Kila siku ananifunga. Na kila siku anakosea."

"Anakosea vipi?"

"Anaruka tundu. Au ananivalisha la kulia mguu wa kushoto. Namwambia, 'Bibi Ardis, umekosea tena!' Anasema, 'Ee, macho yangu haya.' Anafungua, anaanza upya. Nilimwonea huruma kweli. Nikawaza, maskini, haoni, ngoja nimzungumzishe asijisikie vibaya." Lyle aliivuta kamba. "Nikamwambia kila kitu. Yote. Mambo ya baba, yote."

Verna Skogmo alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Acha uongo, Lyle," alisema.

"Uongo gani?"

"Ni mimi aliyekuwa akinikosea buti! Mimi! Macho yake yalikuwa mazima, aliona karata zako toka ng'ambo ya chumba. Kwangu alikuwa anakosea makusudi, kwa sababu mama alikuwa..." Alisita, akakikamua kitambaa. "Kwa sababu zangu. Nilijua ni siri yangu na yake. Miaka yote hii!"

"Hata wewe?" aliuliza mwenye duka la mbegu, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, kama kunguru aliyevunjika bawa. "Mimi alinipotezea glavu. Kila siku glavu moja haionekani. Tunaitafuta wote, chini ya benchi, matako juu, huku tunaongea. Nilidhani ni mimi peke yangu!"

"Glavu! Glavu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake!" alidakia mwingine nyuma yake.

"Wewe unajuaje?"

"Niliiona, lakini sikusema. Nilikuwa sijamaliza hadithi yangu."

Kicheko kilipasuka kwenye ujia ule, kikagonga dari. Watu waliokuwa nyuma walisukumana wasikie. Kila mmoja alikuwa ameitunza siri yake maisha mazima, ameibeba mpaka uzeeni kama kitu alichopewa yeye tu, na kumbe mji mzima ulikuwa umevalishwa buti mguu sio. Binti mmoja wa kwaya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa skafu ya mtu mwingine. Mzee mmoja alisema kwamba yeye alikwishajua kujifunga kamba tangu chekechea, lakini alijifanya hajui mpaka darasa la tano. Hewa ya baridi iliingia, maana mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyetoka wala aliyerudi ndani.

"Lakini chumba?" Signe aliuliza katikati ya vicheko. "Kile chumba chake?"

"Chumba kipi?"

"Cha ushauri. Nimekipaka rangi."

Walitazamana. "Cha mafagio?" alisema Lyle. "Mle si alikuwa anaweka mafagio?"

Hapo Signe naye alicheka, kicheko cha kwanza tangu wiki ile ianze, akashika ukuta asianguke. Mzee Orville alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi, uso umemwiva. Agizo la marehemu lilikuwa limevunjwa vipande vipande, na mtu mmoja akageuka akamwomba radhi.

"Hamjamsifu," alisema mzee. "Mmemsema tu."

Taratibu ujia ukapungua watu. Injini zilianza kunguruma uwanjani, moshi mweupe ukapanda. Lyle alitoka kuwasha pikapu lake ili lipate joto, akamwacha Maren kwenye benchi amalize kuvaa.

Signe alimtazama mtoto yule. Kisha akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa theluji ya watu, na gauni lake jeusi likalowa naye hakujali. Hakumtazama usoni. Alichukua buti la kulia, akaliingiza mguu wa kushoto, akaanza kufunga kamba bila haraka.

"Mwalimu Signe," Maren alisema. "Hilo la mguu mwingine."

"Kweli? Ah. Ngoja nifungue."

Alifungua. Kamba zilikuwa na fundo, na fundo lilikuwa na mchanga wa barafu. Alilichokonoa kwa ukucha. Juu ya kichwa chake, alisikia mtoto akivuta pumzi.

"Nilimwambia mama anapiga kelele kama kuku," alisema Maren.

Signe aliendelea na fundo. "Lini?"

"Kabla hajaondoka. Nilimwambia, 'Unapiga kelele kama kuku, nenda zako.' Kesho yake akaenda Fargo." Aliuchungulia mlango. "Hakuna anayejua. Babu hajui."

"Sasa mimi najua," alisema Signe. "Ulikasirika?"

"Sana. Alitaka nivae sweta linalowasha."

"Linawasha kweli?"

"Linawasha kama siafu." Na kisha, kwa sauti ndogo kabisa, "Si mimi niliyemfukuza?"

"Sivyo, Maren. Sweta haliwezi kumfukuza mama, wala kuku hawezi. Mtu mzima haendi Fargo kwa sababu mtoto kakasirika. Kuna sababu nyingine, za wakubwa, na tutamuuliza babu tuzijue, mimi na wewe, ukitaka. Usipotaka leo, si lazima leo."

Mtoto akatoa mguu wa pili, ule usio na buti, akauweka magotini mwa Signe. "Alikuwa kuku kweli lakini," alisema. "Kidogo."

"Kuku namna gani?"

Akamwigiza mama yake akitafuta funguo za gari, mabega juu, shingo mbele, na Signe akacheka, na Maren kwa mara ya kwanza akacheka pia, akaanza kueleza jinsi mama yake anavyoimba akiwa anakaanga mayai, na wimbo wenyewe, na jinsi anavyokosea maneno.

Huko nje Lyle Brekke alishuka kwenye pikapu kuja kumwita mjukuu wake. Alifika mpaka kwenye ngazi. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu aliwaona: mwanamke amepiga magoti, kamba mkononi, na mtoto anaongea. Alisimama hapo, mvuke wa pumzi yake ukimzunguka kichwa. Kisha aligeuka, akarudi taratibu ili theluji isilie chini ya miguu yake, akaingia garini na kuizima injini ili ngurumo isiwaharakishe, ingawa baridi ilikuwa ya namna ambayo mtu wa kwetu hazimi gari asipojua kwamba atakaa.